Bomba la Kambini Lina Kufuli

RUDEWA. Saa tisa alasiri, kipande cha leo, kazi ya kupimiwa ya shamba la mkonge, kimekwisha. Wenzake wanajitupa kivulini, lakini Sikuzani Mbwana hakai. Anakung'uta vumbi la singa, nyuzi za mkonge, kichwani, anajitwika debe la maji, anavuka mtaro unaotoka korona, ile mashine ya kuchuna mkonge, na kushika njia ya vibanda vya wakimbizi.

Mtaro unanuka. Maji yake ni ya kijani, yana povu, na ukiyagusa yanawasha. Hayo ndiyo maji waliyopewa wageni wetu.

Wametoka Msumbiji, wakimkimbia Mreno na mabomu yake. Waliposhuka stesheni ya Kilosa mwezi Machi tuliwapigia ngoma, tukawaita ndugu. Hotuba zilikuwa tamu. Kisha wakapakiwa kwenye lori, wakamwagwa kando ya mtaro, na waliohutubu wakarudi mjini kula pilau.

Domina, mkimbizi mwenye watoto watatu, anasema walidhani ni uchafu wa kawaida, wakawa wanayachemsha. "Tulichemsha mpaka kuni zikaisha. Watoto wakazidi kuwashwa na kuhara." Hawakuujua mkonge, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia kwamba utomvu wake hauondoki kwa moto.

Kambi ya wafanyakazi ina bomba, na bomba lina kufuli. Amri ni kwamba maji ni ya wenye kipande tu, madebe mawili kwa nyumba kwa siku. Sikuzani na wanawake wenzake wa uwanja wa kuanikia singa kila mmoja huwapelekea wakimbizi debe moja kila siku. Wao wenyewe wanaoga kwa zamu.

"Baba yangu aliletwa hapa manamba, kibarua wa mkataba wa mkoloni," anasema Sikuzani. "Aliwekwa pale pale penye vibanda, akanywa mtaro ule ule. Alikufa anajikuna. Miaka minane hii ya Uhuru, nilidhani mambo hayo tumeyazika naye."

Jumapili iliyopita wanawake hao walianza kuchimba kisima upande wa juu wa vibanda vya wakimbizi, mbali na mtaro. Mnyapara wa kambi, kijana aitwaye Ulimboka, akaja, akamwamkia Sikuzani shikamoo kwa adabu zote, kisha akasema ardhi ni ya shamba na atakayeendelea atafukuzwa kazi. Sikuzani aliitikia marahaba, akainua jembe.

Ulimboka ananiambia yeye ametumwa tu. Bwana wa ofisi ya shamba naye ametumwa. Nimezunguka mpaka Kilosa mjini nikiuliza, na kila mtu ametumwa. Aliyetuma sikumwona.

Shimo sasa linamfika Sikuzani kifuani, na udongo umeanza kulowana. Jumapili hii watarudi. Namuuliza kama haogopi kufukuzwa. Anacheka, lakini si kwa furaha.

"Nikifukuzwa, nyumba ya kambi naondolewa siku hiyo hiyo. Nitakwenda wapi? Ng'ambo ya mtaro, kwa Domina. Basi niache nichimbe, nikifika nikute maji."