Vyakula Kumi na Viwili vya Sista

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, naye hakunipenda. Nilikuwa mpishi wake misheni, Kasulu, miaka ya sabini, baada ya sisi kutolewa milimani na kupangwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Wagonjwa walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi, ametoka nchi inayoitwa Lithuania. Majirani zangu wote waliniita mama. Yeye aliniita “wewe.”

Chakula cha kwao kilikuwa viazi. Unavikwaruza vibichi kwenye bati lililotobolewa kwa msumari, unavikamua kwenye kitambaa, unasubiri wanga utuame, unauchanganya na viazi vya kuponda, unafukia nyama katikati, kisha unachemsha madonge makubwa kama ngumi mbili. Kila Jumamosi vidole vilinichubuka. Donge moja likipasuka, alimwaga sufuria nzima nje, kuku wakafaidi.

“Wewe, huna mikono?”

“Ninayo, Sista. Si hii inayotoka damu?”

Nyuma ya mlango wa jiko alikuwa na mtungi wa kabichi ya kuchachusha. Harufu yake nilirudi nayo nyumbani, wanangu wakawa wanaziba pua.

Ikafika Krismasi. Akasema kwao mkesha wake huliwa vyakula kumi na viwili, bila nyama, bila maziwa, bila yai. Nikaingia jikoni kabla jua halijachomoza. Biti kwa uyoga. Maharage. Kabichi ile ile. Migebuka mikavu badala ya samaki wa kwao. Vimikate vigumu kama kokoto, vya kuloweka kwenye maji ya ufuta uliosagwa, maana mbegu zao huku hazikupatikana. Katikati ya kazi akanituma kwenye mvua nikakate nyasi za kutandika chini ya kitambaa cha meza. Nyasi, ambazo sisi tunawapa mbuzi! Nikakata. Siku nzima hakuniambia kaa, wala hakuniambia onja.

Jioni akaja mgeni mmoja tu, padri. Mezani palikuwa na sahani tatu. Nikahesabu: Sista, padri, mimi. Nikajiambia, kumbe ana utu huyu. Nikanawa mikono, nikavua aproni, nikaketi.

“Ondoka hapo!”

“Sista, sahani ni tatu.”

“Hiyo ni ya mama yangu.”

Nikatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Padri akasema taratibu, “Mama, ni desturi yao. Usiku huu wanawawekea marehemu nafasi. Mama yake alihamishwa na Warusi, akafa huko kwenye baridi.”

Sikuinuka. “Wangu naye alihamishwa,” nikasema. “Walibomoa nyumba yake, wakatupakia kwenye lori, akafa kabla hatujavuna mara ya kwanza. Yeye mbona hana sahani?”

“Wewe ni mpishi,” Sista akasema.

Padri akainamisha kichwa. Akaanza sala ya chakula, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikarudi jikoni, nikabeba sufuria ya maharage na mfuniko wake, nikatoka nayo mvuani. Wanangu waliyala, wakalalamika hayana chumvi.

Siku ya tatu Sista akaja mwenyewe kuifuata sufuria. Nilikuwa natwanga muhogo. Sikumpa kigoda, na kwetu hilo ni tusi. Alikwishakaa huku vya kutosha kulijua.

“Nataka kukueleza habari ya ile sahani,” akasema.

“Niliielewa.”

“Basi rudi kazini.”

“Sirudi.”

Nikampa sufuria yake, masizi yakiwa bado chini. Akaipokea, akatazama mikono yake ilivyochafuka, akaondoka. Nikaendelea kutwanga kwa nguvu hadi unga ukaruka nje ya kinu.

Baadaye walimhamishia Kibondo. Nilimwona huko mara moja, sokoni, anachagua biti kwa muuzaji aliyekuwa anacheka naye. Akainua macho, akanitambua. Alisubiri nimsalimie. Nami nilisubiri anisalimie. Muuzaji akamwuliza kama anachukua au hachukui, Sista akageuka kumjibu, nami nikapita.