Padre Alipobariki Nyumba ya Mama, Taa Zikazima

Padre alichovya tawi kwenye maji ya baraka, akarusha kwenye ukuta wa sebule ya mama yangu, na taa zote zikazima. Pap!

Halafu darini kukawa na kishindo.

Halafu kwenye ule mlango mdogo wa dari ikaanza kushuka miguu ya mtu. Peku, tena ina mchanga wa ziwani.

Nusu ya majirani wa jumuiya ya sala walishatoka nje. Mama Gertruda, mwenyekiti wao, alipita dirishani, na yule mama ana kilo zake.

Ngoja nianzie mwanzo mnielewe nilivyopigwa.

Naitwa Tadea, fundi cherehani hapa Mbinga mjini. Mama anaishi Lituhi, kando ya ziwa, peke yake tangu baba afariki. Miaka yote hiyo anatumia kibatari, na kikohozi chake kilikuwa kinaninyima raha kabisa. Nguzo za umeme zilipofika mtaani kwao nikasema basi, mwaka huu mama havuti tena moshi. Nikashona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Nikapata laki tano.

Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Lituhi, nani anamjua fundi umeme? Wakaniletea Cletus. Sauti laini, heshima kama zote.

"Una leseni, kaka?"

"Ipo, dada. Iko kwenye begi, na begi liko Songea."

Jamani! Mtu mzima na akili zangu nikajibu, "Haya, sawa."

Mnajua kwa nini sikuogopa? Mimi mwenyewe ni fundi. Yale maneno ya "njoo Jumatano" nimewaambia sana wateja wangu, kwa hiyo nikajiona hakuna fundi wa kunizidi ujanja. Nikamkazia: nusu sasa, nusu taa ikiwaka. Isipowaka, huoni hata senti.

"Taa ikiwaka," Cletus akarudia taratibu, kama mtoto anayekariri katekisimu. "Sawa, dada. Tumeelewana."

Nikamtumia laki mbili na nusu kwa simu. Hatukuandikiana hata mstari mmoja.

Wiki tatu zikapita. Huku nyuma mama alishaalika padre na jumuiya nzima waje kubariki nyumba, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, maana Cletus alimhakikishia siku hiyo umeme utakuwepo. Mama alialika mpaka watu wasiompenda. Hao ndio aliowaalika wa kwanza.

Alhamisi akanipigia, anacheka huku anakohoa.

"Tadea! Inawaka!"

"Taa?"

"Kwani nini kingine, jiko? Inawaka sebuleni na barazani!"

Nililia, siwadanganyi. Nililia juu ya gauni la mteja. Dakika hiyohiyo nikamtumia Cletus nusu iliyobaki.

Ijumaa nikashuka ziwani. Gari likatuharibikia njiani, nikafika watu wameshakaa, sebule inang'aa, mama amejifunga kitenge kipya na shingo ameinyoosha. Nikapita nikisalimia wazee, shikamoo, shikamoo, lakini jicho likaenda ukutani.

"Mama, mita iko wapi?"

"Kaa. Padre anaanza."

"Na waya wa kutoka kwenye nguzo mbona sijauona?"

"Tadea, umekuja kusali au kukagua?"

Nikakaa. Padre akasali, akachovya, akarusha. Pap!

"Yesu wangu!" mtu akapiga kelele. "Padre kaunguza umeme kwa maji!"

Padre wa watu akaficha tawi nyuma ya mgongo.

Ndipo ikashuka ile miguu, kikafuata kiuno, na mwisho akatokea mjomba Erasmo, mdogo wake mama. Mjomba ni mvuvi wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Kwapani alikuwa amebana betri kubwa, ile ya taa zake za kuvulia.

"Tumsifu Yesu Kristo, padre," akasema. "Samahanini. Nilipandia jikoni kule kusiko na dari, nilipochomoa nyaya giza likanipoteza."

Akaihamishia betri kwapa la pili.

"Dada," akamgeukia mama, "uliniomba betri siku mbili. Leo ya tatu. Na leo mwezi haupo, usipa watajaa. Nitavua na nini mimi?"

Wote tukamtazama mama. Akarekebisha kitenge chake.

"Ulikuwa umeme wa kuanzia," akasema. "Cletus alinieleza, wa serikali ukija unapita njia hiyohiyo."

"Mama! Wewe si uliniambia inawaka?"

"Kwani ilikuwa haiwaki?"

Mama Gertruda akaanza kucheka huko nje. Mwisho hata padre akashindwa kujizuia. Mimi sikucheka. Mama aliwasha kibatari kilekile, tukamaliza sala kwenye moshi, na alipoanza kukohoa hasira zote ziliniisha, nikabaki na aibu. Pesa yote nimelipa, na mama yuko palepale.

Nikatoka barazani nikampigia Cletus.

"Dada, tulikubaliana taa ikiwaka. Haikuwaka?"

"Kwa betri ya mvuvi!"

"Hukutaja iwake kwa kitu gani."

Akakata. Mpaka leo namba haipatikani.

Jumatatu nikaenda ofisi ya umeme. Nikaelezwa kwamba bila fomu yenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni, maombi ya mita hayaendi popote, na fomu ya mama haijawahi kuletwa. Kumbe lile begi la Songea halikuwa na kitu!

Nikamtafuta dada mmoja fundi umeme wa Kigonsera, anaitwa Hildegardi. Huyu alinipa leseni yake mkononi kabla hata hatujataja bei. Akapanda darini, akashuka na kipande cha waya, anatikisa kichwa.

"Huu ni waya wa spika, dada. Siku mama angechomeka pasi tu, nyumba ingeungua."

Vyote vikang'olewa. Nikaanza kushona upya.

Safari hii tuliandikiana: vifaa gani, waya gani, lini, shilingi ngapi. Vifaa nikanunua mwenyewe dukani, risiti ninazo. Fedha ya mwisho ni siku mita imefungwa na kila swichi imejaribiwa. Nyie mnaojenga, msione haya kudai leseni na maandishi. Fundi mzuri hanuni ukimwomba, huyo mwingine ndiye atakayekwambia habari za begi. Na ukitamka "ikiwaka", malizia sentensi.

Mwezi uliopita nilikuwa nakata kitambaa, simu ikaita.

"Tadea! Inawaka!"

Nikaweka mkasi chini.

"Mama, mjomba yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakunywa chai."

"Na betri yake?"

"Ameikalia."

Nikamtumia Hildegardi pesa yake.