Waliposema Mkono wa Dana Una Chira

Nilipokuwa mtoto nilikatazwa kula sahani moja na nyanya yangu, nami nikala. Tuliishi watatu kando ya ziwa, nje kidogo ya Mbita: yeye, mama yangu na mimi. Kwa Kijaluo nilimwita Dana. Mkono wake wa kulia ndio ulioanza kutetemeka, hasa ulipokuwa umetulia pajani. Kisha hatua zake zikawa fupi, na uso ukakakamaa hata akifurahi ungedhani amenuna.

Babu alikuwa ameshafariki. Mila ilimtaka Dana arithiwe na mmoja wa ndugu za marehemu, naye akakataa, akasema ameolewa mara moja na inamtosha. Kwa hiyo mkono ulipoanza, watu hawakuhangaika kutafuta sababu. Shemeji yake, Mzee Ouko, alikuja kutuambia kwamba hiyo ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, inayomkausha mtu polepole na kuwafuata wanaokula naye.

"Shemeji, kubali kurithiwa, mwanamume akutakase," alisema. "La sivyo utatumaliza sisi wote. Na huyu mtoto aondoke hapa."

"Mtoto hana pa kwenda," Dana akajibu. "Na mimi sina mwanamume ninayemtafuta."

Maneno yakaenea. Sokoni, wanawake waliouza omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja naye walisogeza magunia yao mbali. Kanisani benchi letu likabaki na nafasi. Hata mama yangu, ambaye alimpenda, aliingiwa na hofu akaanza kunipakulia peke yangu. Nilibeba sahani yangu nikarudi kuketi kando ya Dana. Watu hudhani ulikuwa ujasiri. Ukweli ni kwamba sikujua kula bila yeye.

Mwishowe mama alimpeleka hospitali huko Homa Bay, nami nikaenda nao kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Daktari alieleza haraka: ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Parkinson, hauponi, lakini dawa zitapunguza makali. Dana aliitikia tu. Foleni ilikuwa ndefu, tukatoka.

Muuguzi mmoja aliyetoa ushauri nasaha akatuita chumbani kwake. Akavuta kiti karibu na Dana.

"Mama, unaogopa nini?"

Mama yangu alifungua kinywa amjibie. Muuguzi akainua kiganja kumzuia, akangoja. Sauti ya Dana siku hizo ilikuwa imefifia, ikabidi sote tuiname.

"Naogopa kwamba ni kweli," alisema. "Kwamba nimeleta kitu nyumbani. Kwamba huyu mtoto atakuja kutetemeka kwa sababu yangu."

Alilia bila uso kusogea, machozi tu yakishuka. Mimi niliyekuwa nikimwona akimjibu Mzee Ouko bila kupepesa macho, sikuwa nimejua kwamba alikuwa akiogopa hivyo.

Muuguzi hakuicheka chira. Alimwambia kuna wagonjwa wenzake wachache wanaokutana pale kila Alhamisi kuzungumza, aje awasikilize. Tukaenda. Huko tukamkuta Mzee Marwa, Mkuria wa upande wa Migori aliyewahi kufanya biashara ya ng'ombe, akitetemeka vilevile, mkewe akimshika kiwiko. Yeye hakujua Kijaluo, na Dana hakujua Kikuria, basi wakazungumza Kiswahili chao cha sokoni.

"Kwenu wanasema ni nini?" Dana akauliza.

"Ati nilikula kiapo cha uongo juu ya ng'ombe. Na wewe?"

"Ati nilikataa kurithiwa."

Mzee Marwa akautazama mkono wa Dana, kisha wake. "Mimi hakuna mtu alikuja kunirithi."

Mabega ya Dana yalicheza kwa kicheko. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mimi kumwona akicheka.

Jumapili moja baada ya ibada aliwaalika nyumbani Mzee Marwa na mkewe. Akamwalika pia Mzee Ouko, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mama alitaka kumimina chai. Dana akakataa, akaimimina mwenyewe, nyingine ikimwagika kwenye sinia, naye akaendelea hadi vikombe vyote vikajaa.

"Huyu ni Mkuria," akasema. "Miiko yetu haimhusu. Mke wake huyu hapa, na yeye mwenyewe yuko hai. Angalieni mkono wake, muangalie wangu. Shemeji, niambie, huyu alikataa kurithiwa na nani?"

"Mambo ya Wakuria mimi siyajui," Mzee Ouko akasema.

"Basi na ya mkono wangu huyajui."

Mzee Ouko aliinuka akaenda zake, chai hakuigusa. Wale wawili walibaki wakanywa. Mmoja wao, kwa sauti ya chini, akamuuliza Mzee Marwa kama ugonjwa huo unaweza kuanzia mguuni.

Sitadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Kanisani baadhi walirudi kuketi nasi, wengine hawakurudi kamwe. Dawa zilisaidia, kisha zikasaidia kidogo, na miaka ilipokwenda Dana akapoteza nguvu za miguu, halafu sauti. Alhamisi hakuziacha; alipoishiwa maneno, mke wa Mzee Marwa aliketi akimshika mkono. Siku ya mazishi Mzee Ouko alitangaza kwamba chira imemaliza kazi yake. Mama yangu akasimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Mama yangu amekufa kwa ugonjwa, na ugonjwa huo una jina."

Jambo moja lilinisumbua muda mrefu. Dana hakuacha kuamini chira. "Ipo," alikuwa akiniambia, "lakini hii siyo." Nilipokuwa kijana niliona huko ni kushindwa nusu. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeona jinsi hofu ya mgonjwa inavyoweza kugeuzwa kamba ya kumvutia asikotaka kwenda, na ninaelewa zaidi. Imani ya watu wake hakuitupa. Alichokataa ni kuifanya hofu yake kuwa mali ya mtu mwingine, na nguvu ya kukataa aliipata siku alipoisema hofu hiyo kwa sauti, mbele ya mtu aliyemngoja amalize.

Hakupona. Alikufa akiwa mjane wa babu yangu, kama alivyotaka.