Vidonge vya Yaya Vilivyonata Ulimini

Yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa anamaliza kemia, na sisi wote nyumbani Kadutu tuliishi chini ya utawala wa vidonge vyake. Anakandamiza unga mweupe mpaka unakuwa kidonge, anakichoma kwenye furu, tanuri ya umeme ya chuo, huko Ibanda. Kikiiva vizuri, ukikigonga kinatoa umeme kidogo, sawa kile kidude kinachorusha cheche kwenye briketi ya gazi ya kuwashia moto. Vya dukani mara nyingi viko na madini ya risasi, sumu tupu. Vya yaya havina sumu, lakini viko na kiburi: vinataka digrii elfu moja na mia moja, na furu ile ya kizee inakata pumzi kwenye elfu moja. Bila kidonge hakuna memwari, ile kazi ya kuandika ya kumalizia chuo. Bila memwari yaya anarudia mwaka, na papa alikuwa ameapa hakuna kurudia.

Siku alipoleta vya kwanza alikuwa anacheka peke yake. "Angalia, viko vigumu!"

Nikalamba kimoja.

"We mutoto! Ile iko produit, dawa ya maabara!"

Kilikuwa kimeshanata, kama ule udongo wa kutafuna wanaouzia wamama wenye mimba sokoni. Kikinata kiko na vitundu, vinakunywa mate. Nikamuonyesha, ulimi inje, kidonge kinaning'inia.

"Haiyaiva, yaya. Peleka sokoni, wenye mimba watakushukuru."

Kandambili ikapita karibu na sikio langu. Halafu akalamba yeye mwenyewe. Kikanata. Hakucheka tena.

Profesa wake akamwambia achanganye unga mweusi wa shaba, kidogo tu: unayeyuka mbele ya ule mweupe, unapenya kati ya punje, unazivuta zishikamane hata moto ukiwa mdogo.

"Sawa vile naweka magadi kwenye maharagi, makala ya jiko isiishe," maman akasema.

Yaya, kwa haraka yake, akamwaga mwingi. Vikayeyuka, vikagandia sahani kama ugali wa mutu anayeangalia telefone. Akarudia na kiasi kidogo sana. Hivyo havikunata ulimini.

Akavipaka rangi ya fedha, akavipitishia umeme mkali kuviamsha, akafunga waya na taa ndogo, akagonga na kijiko. Taa ikakonyeza.

"Hata panya hawezi kusoma na mwangaza ile," nikasema.

"Nyamaza," yaya akasema, machozi yakimtoka, akanipa kijiko. "Gonga tena."