Lango la Rugamba

Rugamba alikuwa na binti mmoja tu, Teta, na mwaka ule wa 2015 watu wa Louisville walikuwa wanakuja kwao Buffalo, hukohuko Marekani, kumposa. Rugamba alimpenda kijana, lakini Louisville, mbali vile! Roho ilimuuma.

Halafu na ule ukumbi wa kanisa waliokodi kwa posa: mlango wa kioo, unajifungua wenyewe. "Hata paka akipita unafunguka!" alimlalamikia mkewe, Mariya. "Binti yangu achukuliwe kama mkate wa dukani?" Kwao, milima ya Kivu Kusini, posa huanzia langoni. Wageni husimamishwa nje, wabembeleze weee, ndipo waingie.

Bon, Rugamba akabeba mbao chakavu kutoka ghala alikofanya kazi. Kwenye kalenda alikuwa ameona picha ya lango la mji wa kale wa Ulaya: minara miwili, na katikati geti zito la kushushwa kwa kamba, adui abaki nje. Akalijenga vilevile mbele ya kile kioo. Loo, lilipendeza! Watu walitoka hata mtaa wa Bailey kuja kupiga picha.

"Mzee," Mariya akacheka, "unaoza binti ao unapigana vita?"

Siku yenyewe, desturi ilimtaka baba mtu akae kitini kimya, msemaji amsemee. Akae wapi! Akachomoka kwenda kulikagua geti kwa nje. Kamba ikafyatuka. Pu! Geti likashuka nyuma yake, likakwama, na magari ya Louisville hayo yanaegeshwa.

Ngarambe, baba wa kijana, akashuka garini. "Mukwe wangu, donc na weye umekuja kuposa?"

Kicheko kilichopigwa hapo! Mtu akamwambia azungukie mlango wa jikoni. "Mwenye nyumba aingilie jikoni siku ya posa? Thubutu!" akang'aka Rugamba.

Teta akasogea getini kwa ndani, akishikilia kicheko. "Nani anapiga hodi?"

"Ni mimi, Papa yako."

"Umeleta nini?"

"Sina kitu. Nimekuja kuomba Teta asinisahau."

"Na kwangu Louisville, utakuja kupiga hodi?"

"Kila Noeli, mwanangu. Mpaka unichoke."

"Basi, inueni."

Wanaume wa Louisville wakaingiza mabega chini ya geti, Rugamba katikati yao. Likapanda. Akalishikilia begani, jasho na machozi vikimtiririka, huku wakwe wakipita wanaimba.

"Ingieni, ingieni mbio," akafoka akicheka, "ninazeeka hapa!"