Tulivyokaa Matanga Ndani ya Garimoshi

Mama alifariki Muheza asubuhi, akazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa Riyadh, jikoni kwa bosi wangu, naosha mchele wa wageni. Kaka alinipigia simu. Hakumaliza sentensi, akaanza kulia, nami nikajua. Nilipomaliza kumsikiliza niliiweka simu juu ya friji nikaendelea na mchele.

Sitaki mtu afikiri nililazimishwa. Madam, mke wa bosi, aliniona uso akauliza kuna nini, nikamwambia. Alinishika mikono ikiwa na maji vile vile, akasema nenda kapumzike, chakula nitaagiza nje. Mimi ndiye niliyekataa. Sikujua mikono yangu niipeleke wapi zaidi ya kwenye sufuria. Nilipika, wageni wakala, wakasifu. Wengine walikuja mlangoni kunipa pole, na wakati wananipa nilikuwa nimeshika trei.

Kwetu aliyefiwa hapiki. Moto wa nyumbani kwake hauwashwi. Majirani wanaleta uji asubuhi, wanaume wanapanga mafiga nyuma ya nyumba na kupika pilau kwenye masufuria makubwa, na mfiwa anakaa mkekani. Analetewa sahani. Anaambiwa kula, akikataa anaambiwa tena. Hata maji ya kunawa anamiminiwa. Nilipokuwa msichana nilidhani ni utaratibu tu wa kuwapa majirani cha kufanya. Maana yake niliielewa nilipoukosa.

Kaka alituma picha za matanga. Kwenye mojawapo wapishi walikuwa wamefunikwa na moshi, huwatambui sura, unaona tu miiko mirefu. Niliitazama nikiwa nasubiri kahawa ichemke. Ikachemka, nikaipeleka sebuleni.

Toka siku hiyo nikawa nakula nimesimama. Kiti kilikuwepo jikoni, wala hakuna aliyenikataza kukitumia. Ila nikikaa tu na sahani, koo linafunga. Nikisimama kando ya sinki nikamega mkate huku nimeshika na kitambaa cha kufutia, unapita. Niliishi hivyo miezi mingi. Nilikonda, madam akanipeleka kwa daktari, daktari akasema sina ugonjwa.

Mdogo wangu wa kike anaishi Jeddah, mtaa wa Al-Hindawiyah, na mume wake. Yeye naye hakwenda msibani, maana ikama yake, kile kibali cha kuishi, ilikuwa haijatoka. Tulikuwa wafiwa wawili katika nchi moja, na kati yetu kuna safari ya basi ya kutwa nzima. Kwenye simu tuliahidiana kitu kimoja: siku tukikutana tutakaa chini, tule pamoja kama wafiwa, mara moja tu, halafu tuseme matanga tumeyaondoa. Bila hivyo, alisema, tutabaki na msiba mikononi kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua.

Nafasi ilipatikana shule zilipofungwa. Familia ya bosi ilisafiri kwenda Jeddah kwa dada yake madam, nami nikaenda nao. Tulipofika madam aliniambia, "Nenda kwa ndugu yako ukae naye. Huku tutajipikia." Nilimshukuru, na namshukuru mpaka leo, kwa sababu sikuwa nimeomba.

Sasa ona tulivyo. Nilipoingia kwa mdogo wangu tulikumbatiana mlangoni, na kabla hata sijavua abaya nilikuwa nimeshachukua kisu namenya vitunguu. Yeye anakuna nazi. Tulipika samaki, tukapika wali, tukatandika mkeka, tukampakulia shemeji. Yeye akakaa. Sisi tukabaki tumesimama mmoja huku mmoja kule, kila mmoja na kipande cha samaki mkononi, tunamwangalia mwanamume anakula.

Mdogo wangu ndiye aliyeliona. "Dada," alisema, "humu ndani matanga hayataondoka."

Shemeji alimeza tonge. "Kesho njooni kazini kwangu. Kule mtakaa, mtake msitake."

Shemeji alikuwa muosha vyombo kwenye shamba moja la starehe nje ya mji, ukishaipita Al-Mahjar unaendelea kusini. Mwenye shamba ni mtu anayependa vitu vya zamani. Alinunua garimoshi la kale, lile la mvuke hasa, akalileta kwa meli na mabehewa yake, akatandika reli kuzunguka mitende yake. Alitaka familia ziwe zinapanda na kula humo ndani likiwa linatembea. Kabla ya kufungua alitaka wahudumu wajaribiwe, basi wafanyakazi wote waliambiwa walete ndugu zao wawe wageni wa majaribio. Na shemeji, baada ya miaka ya kuosha vyombo, alikuwa amepewa kizibao cha mhudumu.

"Yaani wewe ndiye utanihudumia mimi?" mdogo wangu alimuuliza.

"Ndiyo kazi."

"Ndoa yote hii hujaniletea hata glasi ya maji."

"Kesho nitakuletea. Na usiniite baba nanihii mbele za watu. Mimi ni mhudumu."

"Nitakuita mhudumu mpaka ukome."

Kesho yake tulikwenda na gari la wafanyakazi. Garimoshi lilikuwa limesimama kwenye kituo kidogo cha mbao, jeusi, lina bomba fupi na mabomba ya shaba yaliyosuguliwa mpaka yanang'aa. Lilikuwa linapumua. Sina neno jingine. Kuni na makaa ya mawe yalikuwa yanaungua tumboni mwake na mtu mmoja mwenye uso mweusi kwa masizi alikuwa anachochea kwa sepeto. Mdogo wangu alisema yule bwana ana jiko kubwa kuliko yetu sote.

Ndani ya behewa kulikuwa na viti vya kitambaa chekundu vinavyotazamana, meza zenye vitambaa vyeupe, na madirisha yanayoshushwa kwa mkanda wa ngozi. Wageni wote walikuwa watu wa namna yetu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kisudani na wanawe wawili watu wazima, mmoja wao mtunza bustani wa hapo. Kulikuwa na dada wa Kikenya wanaofanya kazi majumbani, wamevaa vizuri, wamejipaka manukato mpaka behewa zima linanukia. Kulikuwa na Wabangladeshi na wake zao. Wote tulikaa kwenye ncha ya kiti kama watu wanaosubiri kuitwa.

Garimoshi lilipiga honi, likavuta mara moja kwa nguvu, vijiko vikagongana, kisha likaanza kwenda taratibu. Mitende ikawa inapita. Shemeji alitokea na kizibao chake, trei begani, na nyuma yake msimamizi wa huduma, mama wa Kifilipino, mfupi, mwenye kalamu sikioni.

"Karibuni, mabibi," shemeji alisema, uso kama wa mtu anayesalisha.

"Mhudumu," mdogo wangu akasema, "hii supu ni ya leo?"

"Ya leo, bibi."

"Na wewe umenawa?"

Aliweka mabakuli, na niliona shavu lake linacheza.

Supu ilikuwa ya adesi. Niliinywa kidogo, koo likafunga kama kawaida, nikaweka kijiko. Nikangoja mdogo wangu amalize. Alipomaliza nililichukua bakuli lake nikaliweka juu ya langu, nikakusanya vijiko, nikafuta makombo kwa kitambaa. Sikufikiri. Nilipoinua macho nikaona mama wa Kisudani naye amepanga mabakuli ya wanawe. Meza ya Wakenya ilikuwa safi kabisa, na mmoja wao alikuwa amesimama, amekusanya vyombo vya meza tatu, anauliza sinki liko wapi. Kwa nyuma tulisikia maji yanafunguliwa. Kumbe kuna aliyeshafika.

Wahudumu walikuwa wamesimama kwenye njia ya katikati mikono mitupu, hawana cha kuondoa.

Msimamizi alikuja akatazama meza moja baada ya nyingine. Alizungumza kile Kiarabu chetu sisi wageni, ambacho kila mmoja anakielewa. "Mafi shughuli," alisema. Hakuna kazi. "Leo wewe mgeni. Mgeni mafi shughuli. Yalla, kaa."

"Tusamehe, madam," alijibu yule Mkenya mwenye vyombo. "Hii mikono hainisikii. Inamsikia kafili, bosi wangu, peke yake."

Behewa lote lilicheka, hata msimamizi. Alimnyang'anya yule dada vyombo akampa mhudumu, akamwambia avirudishe mezani kwanza, halafu aviondoe ipasavyo. Basi tuliwekewa mabakuli machafu mbele yetu, kisha yakaondolewa kwa adabu. Nilicheka nikapata machozi kidogo, na nilidhani kilikuwa kicheko tu.

Ukaja wali na nyama ya kondoo. Shemeji aliubeba kwenye sinia kubwa, na kwenye kona garimoshi liliyumba, sinia likainama. Nilinyanyuka nikalishika. Sote wawili tukawa tumelishika, mimi upande huu, yeye upande ule.

"Shemeji, kaa," alisema polepole.

"Ni zito hili."

"Nimelimudu. Kaa."

"Niache basi nikupakulie, wewe shika tu."

Hapo uso wa mhudumu ulimtoka. Alinitazama kama alivyonitazama siku alipokuja kwetu kuposa, kwa heshima na woga. "Shemeji," alisema, "mfiwa hapakui."

Nilikaa. Sijui nilikaaje, nilijikuta nimekaa.

Mama wa Kisudani hakujua Kiswahili, lakini hakuhitaji. Alimwuliza mdogo wangu kwa Kiarabu nani amefariki. Mdogo wangu akasema mama yetu, na hatukumzika. Yule mama aliweka kijiko chini. Alinyanyua viganja vyote viwili mbele yetu, kama wanavyofanya kwao wakija kwa mfiwa, akasema Al-Fatiha. Wanawe wakanyanyua. Wabangladeshi wakanyanyua. Wahudumu waliokuwa na trei waliziweka kwenye meza zilizo karibu. Msimamizi si mtu wa dini yetu, na baadhi ya wale Wakenya pia, ila waliinamisha vichwa wakatulia. Kwa muda huo ilisikika injini tu ikikokota mbele. Kisha watu wakapitisha viganja usoni, na yule mama akavuka njia akanishika bega, akarudi kwenye kiti chake.

Shemeji aliweka sinia. Akachukua jagi la maji na bakuli tupu, akaninawisha mikono. Hicho hakikuwa kwenye mafunzo yake. Akamnawisha na mke wake, na mke wake safari hii hakumtania. Akanipakulia.

"Kula, shemeji."

"Siwezi."

"Kula."

"Kula, dada," mdogo wangu alisema. "Usiniache nile peke yangu."

Dirisha letu lilikuwa wazi na moshi wa injini ulikuwa unaingia kila tukipinda. Meza nyingine walifunga madirisha. Msimamizi aliponyoosha mkono kulifunga letu nilimwomba aliache. Wali ulikuwa umeshika moshi. Haukuwa na nazi wala viungo vyetu, lakini ulikuwa na ule moshi wa kuni ambao pilau ya msibani huwa nao na ya jikoni haiupati. Niliweka tonge mdomoni nikiwa nimekaa kitini, mgongo umeegemea, na halikukwama. Nikaweka la pili. Machozi yalikuwa yanatoka na nilikuwa nakula. Mdogo wangu naye hivyo hivyo. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, kila sahani ikipungua anaongeza.

Tulianza kumzungumzia mama wakati wa vitamutamu vya mwisho. Alivyokuwa mkali kwa mtu anayeacha ukoko kwenye sufuria. Alivyomwambia shemeji, siku ya posa, kwamba binti yangu anapika vibaya, usije ukasema hukuambiwa.

"Na aliniambia kweli," alisema shemeji.

"Mhudumu," mdogo wangu akasema, "rudi jikoni."

Garimoshi liliporudi kituoni msimamizi alipita kila meza akiuliza huduma ilikuwaje. Kwetu alisimama muda mrefu. Mdogo wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nimsifu mumewe. Lakini nilitaka kusema kweli, kwa sababu nilikuwa nimetendewa kweli. Nilimwambia supu ilifika imepoa. Nilimwambia mhudumu alikuja na sinia zito mno kwa mtu mmoja, kona ile itamwagia mtu. Halafu nikamwambia toka mama yangu afe sijala nimekaa mpaka leo, na aliyenifanya nikae ni huyu.

Aliitoa kalamu sikioni akawa anaizungusha vidoleni. "Supu nitasema jikoni," alisema. "Huyu anabaki na kizibao."

Watu walianza kushuka. Yule Mkenya alikuwa anawaaga wahudumu mmoja mmoja kama ndugu. Kwenye meza yetu kulikuwa na sahani zenye mafuta, vikombe, makombo ya mkate kila mahali. Nilisimama, nikavaa vizuri mtandio wangu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kikombe changu cha chai, ukakigusa. Kilikuwa bado na vuguvugu.

"Dada," mdogo wangu aliita kutoka mlangoni.

Nilikiacha pale mezani, na majani ya chai ndani yake, nikashuka.