Pampu aliyoleta baba mkwe: presha ya mafuta ilizidi kabureta, na sote tukanyamaza

Wakuu, habari za majukumu. Na dada zangu nawasalimu pia, najua mpo, ingawa mkiingia jukwaa la magari mnasoma na kutoka kimya kimya.

Ninayoandika hapa yametokea, sijaongeza chumvi. Nimebadili majina tu, maana ndoa yangu bado naipenda.

Mimi ni mwanamke, kwetu Rasbura, Lindi, nimeolewa Pande, Kilwa. Na naendesha pikapu. Wale wa "kwani huko hakuna wanaume" naomba mmeze mate tuendelee.

Mume wangu ni mpishi kwenye kambi ya gesi, kisiwani Songo Songo. Akija nyumbani anakaa siku mbili anarudi kisiwani. Sasa gari linabaki na nani? Ndiyo hivyo. Nimepakia mwani, nazi, viti vya harusi, wagonjwa, na mara moja beberu wa mwenyekiti ambaye alikula mkanda wa kiti changu na hakuna aliyeomba radhi.

Pikapu ni ya zamani, petroli, injini ya kabureta. Vijana wa EFI, injini zisizo na kabureta, msicheke, mtafaidika mbele.

Kwa asiyejua, kabureta ina kibakuli kidogo cha mafuta. Mafuta yakiingia, boya linapanda na kusukuma sindano, sindano inaziba mlango. Mafuta yakipungua boya linashuka, mlango unafunguka. Ni mtambo uleule wa tangi la choo cha kuvuta. Ile sindano ni ndogo sana. Inazuia mafuta yanayokuja kwa adabu. Yakija kwa fujo, haina ubavu.

Sasa kisa.

Mwaka jana pampu ya mafuta, ile ya asili inayoendeshwa na injini yenyewe, ilikufa. Ngozi yake ya ndani ilipasuka. Nikaifungua, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kabatini, nikiwaza nitafute spea taratibu.

Wakati huohuo baba mkwe alikuwa Dar kwa ajili ya macho. Akasikia. Mzee wangu huyu ana moyo wa kutoa mpaka unaogopa kusema una shida mbele yake. Akarudi na pampu ya umeme, imeviringishwa kwenye gazeti, anaishika kwa mikono miwili.

"Mkwe, shida imekwisha. Hii wameniambia hata lori inasukuma."

Nikapokea kwa magoti, nikashukuru kwa dhati. Ningefanyaje?

Fundi wetu, Bakari, akaitwa aifunge. Mzee alisimama juu yake mwanzo mpaka mwisho, akimwelekeza hata namna ya kushika bisibisi. Kisha ikasomwa dua. Nikawasha gari.

Wakuu, moshi mweusi! Gari likanguruma, likatetemeka, likazima. Harufu ya petroli mtaa mzima.

Mzee akatabasamu. "Pampu mpya. Inazoea."

Na sisi sote tukaitikia, "Inazoea."

Hapa ndipo ulipo uzi wenyewe. Nilijua ni pampu. Kabla ya pampu kabureta haikuwa na tatizo, baada ya pampu inafurika; hilo halihitaji cheti. Bakari naye alijua. Lakini kwetu ukweni hapana mtu wa kumwambia mzee kwamba zawadi yake, aliyoibeba mapajani kutoka Dar, inazamisha injini. Nilimpigia mume wangu. Akanijibu hivi: "Fanya lolote, ila baba usimvunje moyo."

Basi tukaanza kutibu kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Plagi tukabadili. Sindano ya kabureta tukabadili. Boya tukalishusha. Gasketi tukaweka mpya. Filta tukabadili, maskini filta ya watu haikuwa na kosa lolote. Bakari alikuwa akimaliza ananiangalia, namwangalia, kisha tunazungumzia hali ya hewa.

Mwisho nikaweka swichi ya pampu karibu na usukani. Nikiona gari linaanza kukohoa nazima pampu, injini inakula yaliyomo kwenye kibakuli, likitaka kuzima nawasha tena. Hivyo ndivyo nilivyoendesha. Washa, zima, washa, zima, kama mtoto anayechezea taa. Naomba mtu asiige.

Sasa ingieni ndani kidogo.

Wifi yangu, Mwanahawa, ndiye binti pekee wa mzee. Alikuja kwao kujifungua. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na nesi wa kliniki alimwambia waziwazi: safari hii usithubutu kuzalia nyumbani, nenda ukakae karibu na hospitali mapema kabla uchungu haujaanza. Bodaboda akaikataza kabisa, kwa mashimo yale na mshono ule. Gari la kutegemea lilikuwa langu.

Tukapanga nimwahishe. Kuna shangazi yao anaishi Kivinje, karibu na hospitali, wifi angekaa kwake.

Siku ya safari tukatoka asubuhi. Njia ya Pande kwenda Kiranjeranje mnaoijua mnaijua. Wifi kakaa mbele na mimi, mito miwili mgongoni, tunapiga soga. Alinichekesha habari za mume wake anayeogopa paka. Nikacheka, nikasahau swichi.

Mara harufu. Kisha gari likafa katikati ya mlima.

Nikashuka mbio, nikafungua boneti. Petroli inachuruzika kutoka kwenye kabureta, inadondokea karibu na ekzosi iliyokuwa ya moto. Nikarudi nikazima pampu, nikamwita wifi ashuke. Alikuwa ameshashuka. Tumbo lile, na alikuwa ameshatembea mbali kuliko nilivyodhani anaweza.

Haikuwaka. Alhamdulillahi, haikuwaka.

Nilipomfikia hakugeuka kulitazama gari. Akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Wifi, nakupenda, lakini humo sipandi tena. Bora nizalie kwetu, litakalokuwa na liwe."

Lori la mkaa lililopita likatuvuta polepole mpaka nyumbani. Wifi alikaa na dereva wa lori, kwenye gari langu hakutaka hata kuegemea.

Siku ile nilikasirika. Nilimkasirikia mzee, Bakari, mume wangu, na mimi mwenyewe kuliko wote. Mwanamke anataka kuhatarisha maisha yake kwa sababu ya adabu zetu! Hata hivyo, usiku ukapita na bado sikuwa na ulimi wa kumwambia mzee. Hasira ninayo, neno sina. Malezi ni kitu kigumu jamani.

Asubuhi nikapata wazo. Kama siwezi kumwambia, basi aone mwenyewe.

Wengi humu mnaijua njia ya dumu. Pampu ikifa njiani, watu hufunga dumu la petroli juu ya paa, wanashusha mpira mpaka kwenye kabureta, gari linatembea kwa mafuta yanayojishukia yenyewe. Ni hatari, na polisi wakikukuta una maelezo ya kutoa. Ila nilikumbuka jambo moja: gari la dumu halifuriki. Linanguruma vizuri tu.

Nikaenda kwa baba mkwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Gari vipi?"

"Baba, nilikuwa naomba unisaidie kushika dumu."

Hakuuliza mengi, mzee anapenda kazi za gari. Nikaweka ndoo ya mchanga pembeni, nikamwomba akaizime sigara yake mbali kabisa, nikachomoa bomba la pampu kwenye kabureta na kufunga mpira wa dumu. Pampu yenyewe nikaikatia umeme. Mzee akapanda nyuma kwenye bodi, akalinyanyua dumu usawa wa kichwa chake.

Nikawasha.

Hakuna moshi, hakuna kukohoa. Injini ilitulia kimya kiasi kwamba Bakari, aliyekuwa anapita njia, alisimama.

Mzee akaangalia dumu. Akaliteremsha taratibu mpaka kiunoni, kisha chini zaidi. Baada ya muda injini ikaanza kudhoofika. Akalipandisha, ikarudi. Akarudia tena. Na tena. Mimi nimekaa kwenye usukani, naangalia kioo tu.

Akashuka, akapangusa mikono kwa shuka yake.

"Kumbe haitaki nguvu," alisema. "Inataka kunyonyeshwa. Sisi tulikuwa tunaimwagia mdomoni."

Bakari akakohoa. "Ndiyo mzee, ni kama ulivyosema."

Kama ulivyosema! Nilitaka kumrushia spana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko miezi yote ile. Bakari akaleta geji ya presha ambayo kumbe alikuwa nayo muda wote. Injini zetu hizi zinataka presha kama psi tatu hivi, nne ukizidisha. Pampu ya Dar ilipopimwa mshale ulipita kumi na tano, na bado Bakari akaizima haraka kwa kuogopa mpira kuchomoka. Dumu juu ya paa, kwa kuwapa picha, halifiki hata mbili. Pampu haikuwa mbovu jamani. Ilikuwa ya injini nyingine.

Nikatoa ile ya asili kabatini. Nikaipiga picha, nikaituma kwa Abbas, mwenye duka la spea kule Lindi ambalo babu yake ndiye aliyelianzisha. Akajibu kabla sijaweka simu chini: "Dada, ngozi yake ninayo, usinunue pampu nzima." Akaipakia kwenye basi. Aliyekwenda Kiranjeranje kuisubiri barabarani ni baba mkwe mwenyewe, na macho yake yale, akakataa kusindikizwa.

Tukafunga ngozi mpya. Geji ikasoma tatu, mshale ukatulia. Tukamwaga oili ya injini, tukaweka mpya, maana kabureta ikifurika muda mrefu petroli hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ukiendelea hivyo unaua injini nzima. Hapo wengi wanasahau. Bomba la mafuta tulilisogeza mbali na ekzosi, maana kwa joto la pwani petroli huchemka humo ndani, ikageuka mvuke, gari likagoma ukadhani pampu imekufa tena.

Ikabaki wifi.

Nilimwambia gari limepona. Akaendelea kukunja nguo za mtoto. Ndipo mzee akaingia kwenye pikapu, akakaa kiti cha mbele, akaniambia nimpeleke mpaka mlima ule na kurudi. Tukaenda, tukarudi. Akashuka, akamfungulia binti yake mlango, akasimama hapo ameushika. Hakumlazimisha. Mwanahawa alikaa muda barazani, kisha akanyanyuka, akachukua mito yake.

Mzee alipanda nyuma na mizigo. Nilimwomba akae mbele akakataa.

Mpaka Kiranjeranje wifi alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja, tayari kuruka. Tulipokanyaga lami akaachia. Kabla ya Nangurukuru alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Nikaendesha taratibu nisimwamshe, machozi yananitoka kama mjinga.

Alikaa kwa shangazi yake, siku ilipofika akapasuliwa salama. Mtoto wa kike, sauti kama honi.

Tulipokuwa kwenye benchi la hospitali, baba mkwe amempakata mjukuu, aliniuliza bila kuniangalia.

"Mkwe. Ulijua tangu lini kwamba ni pampu?"

Nikaangalia chini. "Tangu siku ya kwanza, baba."

"Na Bakari?"

"Na yeye."

Akamfunika mtoto vizuri. Nilidhani nimeharibu.

"Siku nyingine mniambie," alisema. "Pampu nitapata nyingine. Mwanahawa ninaye mmoja."

Wakuu, nililia pale pale mbele ya manesi.

Nilichojifunza upande wa gari: pima presha kabla ya kubadili vitu, na usidhani kubwa ndiyo bora. Kama ni lazima uweke pampu ya umeme kwenye kabureta, tafuta ya presha ndogo au weka kifaa cha kuipunguza.

Upande wa nyumbani bado najifunza. Nilidhani namheshimu mzee kwa kunyamaza, kumbe nilimwona hawezi kuubeba ukweli. Aliubeba, na akapanda nyuma na mizigo.

Mafundi karibuni mnisahihishe nilipokosea. Na wewe ambaye nyumbani kwenu kuna kitu kibovu alicholeta mkubwa, na wote mnakizunguka kimya kimya, hebu tuambie: mnasubiri nini?